Nani Kasema Si Land Rover Tena?

Kuna ugonjwa umeingia mjini kwetu Moshi, nao ni ugonjwa wa "orijino". Mtu anaona Land Rover 109 ya zamani, ile iliyochoka jeshini ikauzwa mnadani, inapanda kwenda Kibosho na abiria, mikungu ya ndizi na mifuko ya saruji. Anasikiliza muungurumo wake, anacheka kwa dharau: "Hiyo si Land Rover tena, bwana. Injini ya Toyota, rejeta ya lori, waya za kuokoteza. Takataka ya kuungaunga hiyo!" Akishasema hivyo anaendelea na safari yake kwa miguu, maana yeye hana hata baiskeli.

Nataka kugombana na mtu huyo. Tena nataka kugombana na ndugu yake, ambaye tunaye humu humu kwenye kurasa zetu vijana: yule anayetuambia kwamba hadithi yenye lugha ya gereji si fasihi. Naanza na wa kwanza. Akianguka huyu, wa pili hasimami.

Basi tumuulize: orijino ipi? Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni ya Rover ilipokuwa bado inajaribu wazo lake, mafundi wake walichukua fremu ya Jeep, masalia ya vita, wakaifunga injini na giaboksi ya Rover. Umesikia, ndugu msomaji? Babu wa Land Rover zote ni Jeep iliyobadilishwa injini! Na bodi ikawa ya aluminiamu kwa nini? Kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo, aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Walikosa hiki, wakatumia kile. Huko wakaitwa wahandisi. Huku kwetu mtu akifanya hivyo anaitwa mbabaishaji.

Tuendelee kumkanda. Ile injini ya V8 inayosifiwa sana ilikuwa ya Buick ya Marekani, Rover wakanunua haki ya kuitengeneza mwaka 1965. Jeshi la Australia miaka ya 1980 lilipotaka Land Rover zake, zile ziitwazo Perentie, lilipata zenye injini ya dizeli ya Isuzu, tangu kiwandani. Defender kuanzia 2007 zikatembelea injini ya Ford. Kampuni yenyewe tangu 2008 ni mali ya Tata wa India. Sasa nieleze: Mjapani akifungwa na bwana mkubwa kiwandani ni maendeleo, akifungwa na fundi wa Pasua ni takataka? Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, zikaandamana barabarani kwa mamia, watu wakashangilia. Hakuna aliyesimamisha maandamano ili maboneti yafunguliwe kwanza!

Njoo sasa uone kazi yenyewe, maana wengi wanaicheka bila kuijua. Gari la jeshi lililotengenezwa kubeba redio huwa na umeme wa volti 24. Stata ya 24, balbu za 24, na spea zake si za kuingia dukani ukatoka nazo. Fundi anafumua waya zote, anazipanga upya kwa volti 12, waya baada ya waya, bila mchoro. Halafu injini. Ile ya zamani ya lita 2.25 imekwisha, kwa hiyo inatafutwa dizeli ya mtumba kutoka Japani, tuseme Toyota 3L ya lita 2.8. Unadhani inatumbukizwa tu kama ndizi kwenye kapu? Haikubali. Lazima litengenezwe bamba la chuma la kuunganisha injini mpya na giaboksi ya zamani. Bamba hilo likikaa upande kidogo tu, shafti inayoingia kwenye giaboksi itatafuna beringi mpaka ziishe. Mauntingi zinachomelewa upya, sampu isigonge difu ya mbele gari likiruka shimo, na propela isikae kwa pembe mbaya.

Bado. Injini mpya ina nguvu kuliko ile iliyotolewa, na ekseli za ndani za nyuma za Land Rover nyingi za zamani zinajulikana kwa kukatika. Kwa hiyo fundi anatengeneza gari, kisha anamtengeneza na dereva: kwenye tope usiachie klachi kwa pupa. Halafu kuna mlima wenyewe. Moshi mjini tuko kama mita 900 juu ya bahari, lakini njia ya kwenda Londorossi, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, inapita mita 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa imepungua. Dizeli ikibaki ile ile, gari linatapika moshi mweusi. Fundi anarekebisha pampu.

Hayo yote ni hesabu, na anayeyajua mara nyingi ni kijana wa darasa la saba aliyeanza kwa kuosha nati kwa mafuta ya taa. Sisi wa fomu foo tulimkariri Boyle na kanuni yake ya gesi, tukafanya mtihani, tukamsahau getini. Yule hajawahi kumsikia Boyle, lakini injini ikikohoa anajua hewa imefanya nini.

Msinielewe vibaya. Wapo wanaolipua kazi, na hao siwatetei hata kidogo. Anayeponda bomba la breki kwa nyundo ili lisivuje, halafu akamwambia dereva "twende tu", huyo ni muuaji aliyeshika spana. Spea mbadala ikikosewa kwenye injini, utalala njiani. Ikikosewa kwenye breki au usukani wakati mnashuka kutoka Marangu na mvua ya masika, mtalazwa, wengine moja kwa moja kaburini. Vile vile namba ya injini ikibadilika, kadi ya gari nayo ibadilishwe, tusifichane. Lakini angalieni: mlipuaji anaweza kuua hata kwa spea ya boksi yenye nembo. La kuuliza ni kama imepimwa, kama inashika, na kama aliyeifunga yuko tayari kupanda yeye na mwanawe.

Elimu hii haikuanza jana. Mlimani hapa wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, walifua chuma kabla ya Mjerumani kufika. Miaka ya 1980 kilijengwa kiwanda kule Hai, Kilimanjaro Machine Tools, kwa msaada wa Bulgaria, na jeshi likawa na Nyumbu yake kule Kibaha ya kubuni magari. Hata hivyo, baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, spea zikawa adimu kama sukari. Nani aliyafanya magari yatembee wakati ule? Fundi wa chini ya mwembe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa wewe wa pili, mlinzi wa fasihi safi. "Gari" ni neno la Kihindi, "dereva" ni la Kiingereza, na riwaya yenyewe ni fremu iliyokuja na meli. Mwalimu Nyerere alimchukua Shakespeare, akamfunga injini ya Kiswahili, tukapata *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Mbona hukusema si Shakespeare tena?

Hadithi zetu zimejaa mabosi, mahawara na wapelelezi. Fundi akitokea, ni wa kupaka mkono grisi na kumwibia mteja. Wakati huo huo fundi wa kweli anazeeka, na vipimo vya lile bamba viko kichwani mwake tu, havikuandikwa popote. Siku akifa, vinazikwa naye, na mwanagenzi wake ataanza upya kwa kuua giaboksi tatu.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, acha kusubiri maneno matukufu. Chukua daftari, nenda gereji, keti juu ya tairi bovu. Uliza nozo ni nini, difu inaliaje ikikaribia kufa, na kwa nini boliti ile haikazwi mpaka mwisho. Andika kama wanavyosema wao. Mhariri akikuambia hicho si Kiswahili, mwambie akusomee jina la kitu hicho kwa Kiswahili anachokijua yeye. Atakapokwama, endelea kuandika.