Mradi wa Shule Usife kwa Uhamisho wa Mwalimu

Miongoni mwa maswali yampasayo kujiuliza mwalimu anayejiandaa kwenda kufundisha shule ya msingi ni hili: je, mradi nitakaoukuta, au nitakaouanzisha, utaendelea baada ya mimi kuondoka? Sisi tunaofundisha vyuoni huzuru shule nyingi wakati wa mazoezi ya kufundisha, na tumeyaona mabanda matupu ya kuku na makabati ambayo zamani yalikuwa maduka. Tukiuliza sababu, jibu huwa fupi: mwalimu aliyehusika alihamishwa. Kwa maoni yetu jibu hilo halitoshi. Mradi unaokufa kwa kuondoka mtu mmoja haukuwa mradi wa shule, bali ulikuwa mradi wa mtu huyo uliowekwa shuleni.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwezi Machi 1967, ilizitaka shule za Tanzania ziunganishe masomo na kazi za uzalishaji. Iliwataka pia wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua. Katika utekelezaji, jembe lilishikwa, lakini kuamua mara nyingi kuliachwa mikononi mwa mwalimu. Mtoto alijua kumwagilia bustani, wala hakujua mboga ziliuzwa kiasi gani.

Athari za upungufu wa namna hii tumeziona pia katika shughuli za watu wazima. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni wanachama wasioelewa mambo ya chama chao, na uhaba wa watumishi wenye ujuzi. Miaka kumi baadaye, yaani 1976, serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake zikapelekwa kwenye mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuvirejesha. Hatusemi kwamba ujinga wa hesabu peke yake ndio ulioleta yote hayo. Siasa nayo ilikuwa na sehemu yake. Tunasema tu kwamba mwanachama asiyeweza kusoma daftari la chama hawezi kukilinda, wala dhidi ya mwizi wala dhidi ya amri.

Tuwatazame kwa upande mwingine waanzilishi wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, mwaka 1844. Walikuwa watu 28, wenye mtaji wa pauni 28, wakiuza unga, siagi na sukari. Baadaye waliweka kanuni kwamba asilimia 2.5 ya ziada itumike kwa elimu ya wanachama. Watu hao wa kipato kidogo walitambua kwamba biashara isiyoandaa warithi wake haina kesho.

Basi mwalimu afanye nini darasani? Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, daftari la mradi liwe kitabu cha Hisabati. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi wa Darasa la Tano waandike mapato na matumizi kila juma, na hesabu zisomwe mbele ya shule nzima kila mwisho wa mwezi.

Pili, akiba itangulie gawio. Tuchukue mfano wa kufundishia. Duka la shule lina mtaji wa shilingi 50,000. Linanunua madaftari 100 kwa shilingi 500 kila moja, na kuyauza kwa shilingi 600. Faida ni shilingi 10,000, nayo yote inatumika katika sherehe ya kufunga mwaka. Mwaka unaofuata bei ya kununulia inapanda kufikia shilingi 600. Waulize wanafunzi: shilingi 50,000 zitanunua madaftari mangapi? Watapata 83, na chenji ya shilingi 200. Hakuna aliyeiba hata senti moja, na duka limepungua. Kama ile faida ingewekwa, wangenunua 100 kama kwanza. Somo hili mtoto akilielewa, ameelewa maana ya kukuza biashara kwa miaka mingi.

Tatu, uongozi upokezanwe. Mwenyekiti, mwandishi na mtunza hesabu wa Darasa la juu kabisa kila mmoja awe na msaidizi wa darasa linalofuata, na makabidhiano yafanyike kabla ya mitihani, kwa maandishi, huku vitu vikihesabiwa. Mwalimu naye awe na mwenzake anayeujua mradi sawasawa na yeye.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba watoto hawawezi kukabidhiwa fedha. Hoja hiyo ina uzito, na jibu letu ni kwamba kutunza fedha si sawa na kutunza hesabu. Ufunguo wa sanduku ukae kwa mwalimu. Daftari likae wazi kwa wanafunzi. Wengine watasema njia hii inachelewesha kazi, kwa kuwa mwalimu akifanya mwenyewe humaliza kwa dakika kumi. Ni kweli. Lakini hata kusoma angeweza kuwasomea wanafunzi kila siku, na wasingejua kusoma kamwe.

Ndugu wanachuo, mtakapopewa mradi, msiupime kwa wingi wa mayai ya mwaka wa kwanza. Upimeni kwa jambo hili: mwalimu akienda likizo ya mwezi mzima, je, kuku watalishwa, mayai yatauzwa, na daftari litaandikwa? Ikiwa ndivyo, mmefundisha. Ikiwa sivyo, kazi ya kufundisha bado haijaanza, hata kama banda limejaa kuku.