Rudisha Makunyanzi ya Bibi
Idi iliyopita nilimpiga picha bibi yangu barazani. Nilipoivuta karibu, sikuyaona makunyanzi ya mashavuni mwake. Simu ilikuwa imeyafuta bila kuambiwa na mtu. Steven Sasson wa Kodak alipounda kamera ya kwanza ya kidijitali mwaka 1975, ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja isiyo na rangi kwenye kaseti, lakini ilihifadhi kile ilichokiona. Simu za leo hupiga picha kadhaa kwa mkupuo, huziunganisha, kisha programu huamua ngozi iweje na anga iweje. Gizani zinatufaa mno, hilo sibishi. Ila picha ni ushahidi pia. Mwaka 2023 Leica ilitoa M11-P, kamera inayoweza kuitia picha saini ya kidijitali tangu inapopigwa, ili ikichezewa baadaye ijulikane. Bei yake haishikiki. Uwezo huo nautaka kwenye simu ya kawaida, ile aliyonayo mwandishi wa habari wa wilayani, pamoja na kitufe kimoja cha kuiamuru programu isiguse kitu. Bibi ana umri mkubwa, na picha ile siwezi kuirudia kila siku.