Usaili Si Bahati Nasibu

MWANZONI mwa mwaka 2025 walimu waliokwisha hitimu vyuo na kukaa bila ajira, wengine kwa miaka mingi, waliitwa kwenye usaili katika mikoa mbalimbali nchini. Waombaji walizidi 200,000. Nafasi hazikufikia 15,000. Palizuka malalamiko, wala hayakuwa malalamiko ya bure. Mtu aliyesoma akiamini kwamba cheti cha ualimu ndicho ajira yenyewe, kama kilivyokuwa kwa waliomtangulia, anaambiwa akae tena katika chumba cha mtihani, kisha asimame mbele ya jopo ajieleze. Kwake yeye ni sawa na mkulima aliyekwisha kuvuna kuambiwa arudi shambani kung'oa visiki.

Hata hivyo hesabu haibishaniwi. Penye watu zaidi ya kumi na watatu wanaogombea kiti kimoja lazima iwepo njia ya kuchagua, na njia zilizo nje ya usaili zinafahamika: undugu, bahasha na simu ya mkubwa. Mwaka 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kuwania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka huo huo ajira nyingine 200 za Idara hiyo zilifutwa baada ya kuzuka malalamiko ya kupendelea ndugu. Anayeuchukia usaili na atafakari kwanza ni nani hunufaika usipokuwapo.

Kizazi cha miaka ya 1970 hakikuujua mtihani huu. Mhitimu wa Chuo Kikuu alipangiwa kazi na Serikali, akapewa barua, akafunga mizigo yake. Ndiyo maana mzazi wa leo, hata aliyesoma, mara nyingi hana la kumwambia mwanawe anayekwenda kwenye usaili ila avae vizuri na amtangulize Mungu. Yote mawili ni mema, lakini hayatoshi.

Jambo la kwanza ni nyaraka, na hapa ndipo vijana wengi huanguka kabla hata ya kufungua kinywa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hayafichi kitu: msailiwa afike na kitambulisho, cheti halisi cha kuzaliwa na vyeti halisi vya masomo, hati za matokeo ya muda hazipokelewi, aliyesoma nje ya nchi awe na uthibitisho wa mamlaka inayohusika, na ambaye majina yake yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine awe na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Hata hivyo wapo wanaosafiri usiku kucha kwa gharama zao wenyewe, wakafika mlangoni na cheti cha kidato cha nne chenye jina la babu na cha chuo kisicho nalo, wakarudishwa. Ukali huu una chanzo. Uhakiki uliotangazwa mwezi Aprili 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mwenye cheti cha haki anayafanya marekebisho ya majina siku anayotuma maombi, hangoji siku anayoitwa.

Jambo la pili ni kuijua kazi yenyewe. Chukua mfano wa nafasi ya Mtendaji wa Kijiji, ambayo halmashauri za wilaya huitangaza mara kwa mara. Tangazo lake huorodhesha majukumu, na maswali ya jopo hutoka humo humo. Lakini waombaji wengi hulisoma tangazo ili kuona sifa na mshahara tu, majukumu wakayaruka. Wakiulizwa nani mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji, hujitaja wenyewe. Kumbe mwenyekiti huchaguliwa na wananchi, na Mtendaji ni katibu. Mtu anayetaka kazi hiyo kwa dhati atakuwa ameisoma Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Atajua kwamba Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Na afadhali awe amekwenda kukaa nusu siku katika ofisi ya mtendaji wa kijiji chake, asikilize watu wanaleta mashauri gani.

Kisha jopo humpa tatizo. Mwananchi amekataa kuchangia ujenzi wa madarasa. Wewe Mtendaji utafanya nini? Kijana anayejibu upesi, "Nitamkamata," hudhani ameonyesha ushupavu. Ameonyesha kwamba hafai. Jopo lilitaka kusikia kama mchango huo ulipitishwa na mkutano wa kijiji, kama hesabu ya michango iliyopita ilisomwa mbele ya wananchi, na kama mtu huyo ana uwezo au ni mjane mwenye watoto watano. Jibu la namna hiyo halikaririwi usiku mmoja. Hutokana na mtu kuwa amewahi kuwafikiria wananchi atakaowatumikia.

Ndiyo sababu kukariri majibu ya kununua ni kujidanganya. Katika simu za vijana huzungushwa maswali yasemwayo kuwa yamevuja, na matapeli hupiga simu wakitaka fedha ili "jina lipite." Mwenye kutoa fedha hizo humpoteza mbuzi na kamba yake. Lililo baya zaidi ni msichana kuambiwa kwamba kufaulu kwake kunategemea kukubali matakwa ya mwanamume mwenye madaraka. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inalitaja hilo kuwa kosa, na ofisi za TAKUKURU zipo hadi wilayani.

Wajumbe wa majopo nao wana deni. Msailiwa aliyeitwa saa moja asubuhi akaingizwa saa kumi alasiri, hajala, hawezi kupimwa sawa na aliyeingia wa kwanza. Maswali yawe yale yale kwa wote, na alama ziandikwe kabla wajumbe hawajaanza kuzungumza. Mjumbe anayemcheka kijana kwa lafudhi ya kwao, au anayemuuliza binti lini ataolewa, haipimi kazi iliyotangazwa.

Kuna pia wanaofaulu na kukosa nafasi kwa kuwa zimejazwa na waliowapita alama. Majina yao huhifadhiwa katika kanzidata, na nafasi za sifa ile ile zikipatikana hupangiwa humo pasipo usaili mwingine. Baadhi yao, kwa kukata tamaa, hawafungui tena akaunti zao katika mfumo wa maombi, wala kuangalia matangazo ya kuitwa kazini. Jina hutokea, muda wa kuripoti hupita, na barua ya kazi hubaki ofisini bila mwenyewe.