Walimu wa TP Wanameza Le Chatelier, Watoto Wanalipa

Wasee, leo ni kemia na hakuna kukimbia.

Chukua mwalimu wa mazoezi yeyote, wale wa suti mpya wanaokuja shuleni muhula wa pili kufanya TP. Muulize: mmenyuko ukifika kwenye msawazo, nini kinaendelea ndani ya chupa? Mimi nimeuliza kadhaa mtaani kwetu. Mmoja akasema mmenyuko umesimama. Mwingine, ati vitu vya pande zote mbili sasa viko kiasi sawa. Na hawa kanuni ya Le Chatelier wanaikariri bila kupumua!

Majibu yote mawili ni makosa. Hakuna kilichosimama. Fikiria mat ya watu 14 iko steji. Akishuka mmoja, anapanda mmoja. Ndani ni 14 tu, ila sura zinabadilika. Huko nje wamesimama 60, na 60 haibadiliki pia. Kilicho sawa ni kasi ya kupanda na kushuka, si idadi ya watu. (Makanga wa kubeba 18 tumwache kwanza.)

Halafu kuna mchakato wa Haber, wa naitrojeni na haidrojeni kutengeneza amonia, ile inayoenda kwa mbolea ya shosho kule shags. Utasikia ati kichocheo cha chuma kinaongeza amonia kwenye msawazo. Zii! Kinaharakisha kwenda na kurudi kwa kiwango kilekile. Mnafika haraka, palepale. Na zile nyuzi 450 kila Fomu Foo anazimeza? Mmenyuko huo hutoa joto, kwa hivyo ukizidisha joto, amonia inapungua. Ukipoza sana, mtangoja hadi mchoke. 450 ni bei ya kuelewana, kama Gikomba. Nani aliwaambia hivyo darasani?

Simlaumu mwanafunzi wa ualimu. Chuo kilimuuliza "taja kanuni", akataja, akapewa alama zake. Siku ya kukaguliwa, mhadhiri anakaa nyuma na kuangalia mpango wa somo, mwandiko ubaoni, hata tai. Kama somo lenyewe ni uongo lakini limepangwa vizuri, linapita. Hapo ndipo nina shida na vyuo vyetu, kwa sababu mtoto wa KCSE hana mhadhiri wa kumwokoa.

Na kurekebisha si ghali. Weka kromati ya potasiamu kwenye neli, ni ya manjano. Tia matone ya asidi, inageuka rangi ya chungwa. Tia alikali, manjano inarudi. Kabla ya kumtuma mtu TP, mpeni neli hiyo na dakika kumi aeleze ayoni zinafanya nini, bila daftari. Akishindwa, abaki maabara wiki moja zaidi.

Wewe uko TP sasa hivi? Kesho usianze na kanuni. Anza na neli.