UMEUA! KAKA WA SUBARU YA BLUU MWANZA NA MAMA WA DAGAA ALIYEMWOKOA

Mwanza kwa sasa gumzo ni klipu moja tu. Kaka mmoja wa mjini, jina linahifadhiwa, yule wa meza ya mbele kila wikiendi na miwani nyeusi hata usiku, ametoa video ya dakika mbili akikimbiza Subaru Impreza yake ya bluu, toleo la miaka ya tisini, kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Pembeni yake kakaa msanii mmoja wa bongofleva, nusu ya mwili iko nje ya dirisha, mkanda hana. Mbele yao kuna bodaboda, na dogo wa kamera kakaa juu yake kinyumenyume, kichwa wazi. Mshale wa spidi umevutwa karibu ili kila mtu auone: 140.

Komenti zimejaa neno moja. "Umeua!"

Haya, rudisha klipu hadi sekunde ya 41, angalia kona ya chini kushoto. Kuna mama ana beseni kichwani, anaruka kurudi pembeni. Inachukua sekunde moja, katoweka, wimbo unaendelea. Ilibaki kidogo tu hilo neno liwe kweli.

Watetezi wa kaka wanasema video ilipigwa saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu barabara inakuwa tupu. Tupu kwa nani? Anayesema hivyo muda huo huwa hajaamka. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa, na alfajiri ndiyo mitumbwi inarudi. Wauza samaki na dagaa wanakuwa wameshafika Mwaloni pale Kirumba kabla jua halijachomoza. Wanafunzi wako njiani, daladala za kwanza zinapakia. Mtu anayerudi kutoka klabu anaona barabara tupu kwa sababu watu wa aina yake wamelala. Wanaotafuta ugali wako macho, tena wanatembea kwa miguu.

Twende kwenye hesabu, maana kuna wanaosema "jamaa anajua gari". Kwenye makazi sheria inataka mwisho 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula kama mita 14 kila sekunde. Kwa 140 linakula karibu mita 39. Dereva mzuri kabisa, aliyelala vizuri na hajanywa kitu, anahitaji kama sekunde moja kuona kitu na kuanza kukanyaga breki. Hapo hajapunguza chochote, na mita 39 zimeshaenda. Halafu breki zenyewe: mwendo ukizidi karibu mara tatu, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga unazidi karibu mara nane. Hata kwenye lami kavu na tairi mpya, mpaka Subaru ile isimame ingekuwa imepita urefu wa uwanja wote wa mpira wa pale CCM Kirumba, na chenji inabaki. Mama yule alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye bampa.

Kwa hiyo usimsifie kaka kwa breki. Breki ilikuwa ni yule mama. Yeye ndiye aliyeona, akaamua, akaruka, tena na mzigo kichwani. Dereva mwenye akili kwenye ile klipu ni yule asiyekuwa na gari.

Na gari lenyewe halina kosa. Impreza ilitoka mwaka 1992, na ni gari la heshima kwa ukanda huu. Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997, Richard Burns akashinda nalo tena mwaka 2000. Patrick Njiru wa Kenya aliwafanya vijana wengi wa Afrika Mashariki waipende Subaru kabla hata ya hapo. Mtu akiitunza gari ya namna hiyo mpaka leo, injini ikanguruma vile inavyotakiwa, anastahili pongezi. Ndiyo maana inauma kuona gari lenye historia hiyo linatumika kama kiki.

Hapa ndipo wajuaji wanaleta hoja yao kubwa: "Mbona Safari Rally walikimbia kwenye barabara za watu?" Ni kweli, Safari ya zamani ilikimbiwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Lakini malizeni stori. Timu kubwa zilikodi helikopta iruke mbele ya gari, mtu wa juu anamwambia dereva kwenye redio: kuna ng'ombe, kuna lori, kuna watu. Pembeni ya dereva anakaa msoma ramani mwenye daftari la kila kona, kafunga mkanda, kavaa helmeti. Kaka wa Subaru ya bluu yeye pembeni kaweka msanii anayeimba dirishani, na mbele kaweka dogo anayetazama nyuma. Kati ya hao wawili, nani alikuwa anaangalia barabara?

Sasa tuje kwenye kupiga picha, maana ndiyo kazi waliyosema wanaifanya. Huko Japani magari haya yalikotoka, mwenye gari analipia kiwanja cha mbio kwa siku, gari linakaguliwa, anavaa helmeti, halafu anazunguka anavyotaka. Kiwanja cha Tsukuba kina urefu wa mita 2,045 tu, kifupi kuliko Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3. Lakini vijana wanakwenda pale miaka nenda rudi kupigania nusu sekunde kwenye kona zilezile. Kamera inafungwa kwa bolti nyuma ya dereva. Unaona mikono, unaona gia, unasikia injini, video haikatwi mwanzo mpaka mwisho, na saa inahesabu. Jioni mtu anarudi kuitazama anagundua kona ya tatu alichelewa kukanyaga mafuta. Kamera pale ni mwalimu.

Klipu ya kaka imekatwakatwa kila sekunde chache. Injini haisikiki, wimbo umeizima. Hakuna kona hata moja iliyoonyeshwa mwanzo mpaka mwisho. Saa haipo, kuna mshale tu. Na mshale wa spidi kwenye barabara iliyonyooka hauonyeshi ufundi wowote: tia mafuta, kanyaga, subiri. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza. Ufundi unaonekana kwenye kona, mbele ya saa, pamoja na wenzako wenye magari kama lako. Huko ndiko kaka hataki kwenda, maana saa haina komenti za "umeua". Saa inasema namba tu, na namba inaweza kumwaibisha.

Utasikia: "Mwanza hakuna kiwanja." Kweli hakuna. Lakini pesa ya meza ya mbele ipo, ya kumlipa msanii ipo, ya kubadilisha egzosi ipo. Huko Kenya kumekuwa na mbio za kupima muda za KiambuRing: barabara inafungwa, gari linatoka kwa zamu, saa inahesabu. Mwanza ina vijana wenye Altezza, wenye Subaru, wenye Mark II, wanaojuana wote kwa majina ya utani. Wakichanga, wakaomba eneo kwa maandishi, wakaita trafiki na gari la wagonjwa, watapata video mara kumi ya ile, na mama wa dagaa atakuja kuuzia watu samaki pale, akae kivulini atazame.

Mwisho ni huyu dogo wa kamera, ambaye hakuna aliyemtaja. Kwenye posti ya kaka wametajwa msanii, fundi, mshona jaketi, hata duka la miwani. Dogo hayumo. Yeye ndiye aliyekaa kinyumenyume mbele ya gari linalokimbia 140, bila helmeti, kashika simu ya mtu kwa mikono miwili, maana yake hajashika kitu kingine chochote. Bodaboda ikipiga shimo, Subaru iko nyuma yake, na umbali wa kusimama umeshausoma hapo juu. Na kama kuna anayejua bima gani ingemlipa dogo huyo, aseme.

Kaka, kama ni kweli wewe ni mkali, kanunue helmeti mbili, moja yako na moja ya dogo. Tafuta eneo lililofungwa, weka saa, usikate video. Ukitoa hiyo, hata wasiokupenda watasema umeua, na hapo hakuna atakayekuwa ameruka pembeni.

Wadau mnasemaje? Tupieni komenti hapo chini. Na wale wa "ni wivu tu", kwanza mrudi sekunde ya 41, halafu ndiyo mje.