Amri Asiyoitoa Mwenyewe

Aibaye nywila ya mtu twamwita mwizi. Upo hata hivyo ulaghai usiohitaji nywila, nao hupenya kupitia programu-jalizi, yaani viongezo ambavyo wenye tovuti huvipachika ili kupata fomu, picha au duka. WordPress, mfumo unaoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, una maelfu ya viongezo hivyo, kila kimoja na mwandishi wake.

Msimamizi anapoingia katika tovuti yake, kivinjari huhifadhi kidakuzi, alama ya utambulisho inayoandamana na kila ombi linalokwenda huko. Kabla hajatoka, afungua kiungo alicholetewa kwa barua pepe. Ukurasa ule wa kigeni hukituma kivinjari chake, kimyakimya, kikaiamuru tovuti: ongeza msimamizi mpya. Tovuti hutii. Imemtambua mtu, lakini haikuuliza kama ni yeye aliyenena.

Kinga yafahamika tangu zamani. Kila fomu hupewa herufi na tarakimu za siri, na ombi lisilokuja nazo hukataliwa. WordPress huziita nonsi, istilahi ambayo sisi wanaisimu twaitumia kwa neno linalobuniwa kwa tukio moja tu. (Jina lenyewe halifai sana, maana nonsi ya WordPress yaweza kurudiwa hadi saa 24.)

Tatizo ni kwamba mwandishi wa kiongezo hana budi kukumbuka kuzikagua mwenyewe, mahali pote. Mnamo Januari 2020 iligunduliwa kwamba Code Snippets, iliyotumiwa na tovuti zaidi ya 200,000, ilikinga takriban kila sehemu isipokuwa ile ya kuingiza msimbo kutoka nje. Ufa huo mmoja ulitosha kumpa adui tovuti nzima. Toleo la 2.14.0 liliuziba mwezi uo huo, lakini kwa waliolipakua tu.

Ni kweli vivinjari vya siku hizi huzuia vidakuzi katika maombi mengi ya namna hii, ila si yote. Nasi tungali twamlaumu karani aliyebofya kiungo! Lawama ni ya aliyeandika kiongezo bila kinga, na ya taasisi zetu ambazo humlipa fundi, zikapokea tovuti, kisha zisiiguse miaka mitatu. Mkataba wa tovuti na umtaje kwa jina atakayesasisha viongezo kila mwezi na kufuta visivyotumika, na malipo yake yatengwe kabla tovuti haijafunguliwa.