Kisangani: Salamu za watoto wa chekechea ziimbwe kwa lugha wanayoielewa

Mgeni akiingia katika darasa la chekechea mjini Kisangani, mara nyingi watoto husimama wote pamoja, hukunja mikono na kumwimbia salamu ya Kifaransa. Mgeni anafurahi, wazazi wanajivunia. Lakini akiinama na kumuuliza mmoja wao jina lake kwa Kifaransa hicho hicho, mtoto humtazama mama mwalimu na kunyamaza.

Wimbo wa salamu ni chombo kizuri sana kwa mwalimu asiye na vitabu. Hauombi chaki wala karatasi, na unarudiwa kila asubuhi. Kasoro ni kuugeuza kuwa kasuku wa kuonyesha wageni.

Kisangani haina uhaba wa lugha. Kiswahili kilifika hapa na wafanyabiashara wa zama za Tippu Tip, Lingala ikapanda na mto pamoja na askari na meli. Mtoto wa Mangobo au Kabondo anaweza kusikia Kilokele kwa nyanya yake, Lingala barabarani na Kiswahili sokoni, yote kabla ya saa sita. Kifaransa anakikuta darasani.

Mwalimu akiimba jambo na kutaja jina la mtoto, naye mtoto akajibu peke yake kwamba amelala vizuri, amekula muhogo au mama ameenda sokoni, hapo lugha inafanya kazi. Anangoja zamu, anasikiliza, anapanga jibu. Wakipiga makofi kwa kila silabi, ha-ba-ri makofi matatu, sikio linaanza kukata neno vipande, na kazi hiyo ndiyo itakayomngoja darasa la kwanza. (Majina marefu huwachekesha sana.) Nchini Uingereza, mwaka 1987, watafiti MacLean, Bryant na Bradley walionyesha kwamba watoto wa miaka mitatu waliojua vizuri nyimbo za kitoto walikuwa pia hodari zaidi wa kutambua sauti ndani ya maneno. Ila watoto hao waliimba kwa lugha ya nyumbani kwao.

Wazazi wana hoja yao, na si ya kudharau. Elimu bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Chekechea bado inalipiwa. Anayetoa pesa anataka kuona matunda, na Kifaransa ndicho cha mtihani wa Serikali na cha kazi ya ofisini. Lakini mtoto aliyezoea kueleza jambo kwa Kiswahili au Lingala ana mahali pa kupachika neno la Kifaransa. Aliyekariri tu hana. Hata sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inakubali lugha za taifa, au lugha za mahali, zitumike kufundishia. Shule inayofanya hivyo haivunji kitu.

Kuna pia watoto ambao salamu yenye jina lao inawagusa zaidi. Tangu mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umezikimbiza familia nyingi, zikiwemo za komine ya Lubunga, ng'ambo ya mto. Mtoto wa mkimbizi anaweza kukaa darasani siku nyingi bila kutoa sauti. Katika kuimba kwa kundi hakuna atakayegundua. Katika wimbo wa zamu, kimya chake kinasikika siku ya kwanza, na mwalimu anajua pa kuanzia.

Walimu watasema darasa limejaa, na ni kweli. Kusalimia watoto sitini mmoja mmoja kungemaliza asubuhi yote. Basi wasalimiwe kumi na wawili kwa siku, safu kwa safu, wengine wakipiga makofi na kuitikia. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, wote sitini watakuwa wamejibu kwa kinywa chao.